Je, Aliyepiga Picha Ameona?

Liko swali ambalo kwa kulisikia mara ya kwanza laonekana kuwa jepesi, hata mtoto wa darasa la kipaimara angeweza kulijibu. Swali lenyewe ni hili: mtu akisimama mbele ya jambo kubwa, akalipiga picha, je, amekwisha kuliona? Wengi watasema, Naam, ameliona. Angewezaje kupiga picha ya jambo asiloliona? Lakini tukilifikiri kwa utulivu twatambua ya kuwa jibu hilo halitoshi. Maana kuona kwa jicho ni jambo moja, na kuona kwa moyo ni jambo la pili, na kuyashuhudia mbele ya watu yale uliyoyaona ni jambo la tatu. Nayo matatu hayo hayaendi pamoja sikuzote.

Tumependa kulifikiri swali hili kwa mfano wa watu ambao kazi yao ni kusafiri na kupiga picha. Watu hao huzunguka dunia, hutazama mambo ambayo wengine hawawezi kuyafikia, kisha huleta picha zao ili sisi tuliobaki nyumbani tuyaone. Katika jimbo la Florida, nchi ya Marekani, pana mahali pawili ambapo wapiga picha wa namna hii hufika kwa wingi. Mahali hapo pawili hapako mbali, maana mtu hutoka pamoja akafika pa pili kwa gari kwa muda wa saa moja na kidogo tu. Walakini kwa jambo tunalolifikiri pametengana sana.

Pa kwanza ni bustani kubwa ya michezo na maonyesho iitwayo Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando. Bwana Walt Disney, aliyekuwa mtengenezaji wa filamu za michoro, alikuwa amekwisha kufungua bustani ya namna hiyo huko California mwaka 1955. Hii ya Florida aliikusudia, lakini hakuiona; alifariki Desemba 1966, nayo ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Katikati ya sehemu yake ya kwanza lasimama jumba mfano wa jumba la mfalme, urefu wake futi 189. Mtu alitazamaye kutoka chini hudhani ni refu kuliko lilivyo. Sababu yake ni kwamba wajenzi walizifanya sehemu za juu kuwa ndogo kuliko za chini, na jicho, likizoea kwamba vitu vya mbali huonekana vidogo, hudhani kilele kiko mbali sana. Tena yale yaonekanayo kuwa mawe si mawe, bali ni saruji, na chuma, na plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo.

Na chini ya miguu ya wageni ziko njia zilizofichwa. Humo hupita watumishi wa bustani, kila mmoja akienda mahali pa kazi yake, ili mgeni asimwone mtu aliyevaa mavazi ya mchezo huu akipita katikati ya mchezo mwingine. Hata taka hazichukuliwi mbele ya macho ya watu; huvutwa kwa nguvu ya hewa ndani ya mabomba. Tena kwa miaka mingi vilikuwako vibao vya kampuni ya Kodak vilivyowaonyesha wageni mahali pa kusimama, kana kwamba vinawaambia: hapa ndipo picha itakapokuwa nzuri. Basi mpiga picha afikapo hapo hukuta kazi yake imekwisha kufanywa na mwingine. Aliyejenga amekwisha kufikiri jicho litatoka upande gani, na litaona nini, na lisione nini.

Je, huo ni uongo? Tusiwe wepesi kuhukumu. Bibi zetu walitusimulia hadithi za Sungura na Fisi karibu na moto, wala hakuna aliyesimama kusema, Bibi, umesema uongo, wanyama hawaneni. Nabii Nathani naye alipotumwa kwa Daudi alianza kwa hadithi ya mwana-kondoo wa maskini, na kwa hadithi hiyo akaifikia dhambi ya kweli. Mgeni aingiaye katika bustani ile ajua ya kuwa jumba si la mfalme. Ametoa fedha yake ili afurahi pamoja na watoto wake, na furaha ya watoto si dhambi. Mahali ambapo wote wajua kwamba ni mchezo, hapana aliyedanganywa.

Lakini tazameni litokealo baadaye. Mpiga picha huondoka na picha yake, akaipeleka kwa watu wasiofika huko. Huenda alikuja alfajiri kabla ya umati kuingia. Huenda alingoja hata wingu likapita. Akaiacha nje ya picha foleni ya watu waliosimama juani, na mama aliyechoka ambaye mtoto wake analia, na kijana atokwaye na jasho ndani ya vazi zito la manyoya. Waipokeao picha hiyo husema, Kumbe huko ndiko kusiko na jua wala machozi! Sasa mchezo umekuwa ushuhuda. Na ushuhuda una sheria yake. Sisi tuliojifunza Katekisimo Ndogo twaijua amri ya nane, ile ituzuiayo kumshuhudia jirani uongo, nayo haisemi habari za kinywa peke yake.

Mtu atatujibu: Picha yo yote ina mpaka, hapana awezaye kuonyesha yote. Ni kweli. Kuchagua si kudanganya. Mwinjili Yohana mwenyewe aungama mwishoni mwa kitabu chake ya kuwa yako mengi aliyoyatenda Yesu ambayo hayakuandikwa, na kama yangeandikwa yote ulimwengu usingetosha kwa vitabu. Yeye naye alichagua. Lakini angalieni alivyochagua. Hakuliacha nje lile la aibu. Wainjili wote wanne wametuandikia jinsi Petro alivyomkana Bwana wake, ijapokuwa Petro alikuwa mkubwa katika kanisa, na ingekuwa vyepesi kulinyamazia jambo hilo kwa ajili ya heshima yake. Basi kutoka kwao twapata kipimo kimoja, nacho ni hiki: lile uliloliacha nje, kama lingeonekana, je, lingeyapindua yale uliyoyaonyesha? Kama sivyo, umechagua tu. Kama ndivyo, umedanganya, hata kama kila kilichomo katika picha yako ni cha kweli.

Sasa twende mahali pa pili. Upande wa mashariki wa jimbo lilo hilo, katika pwani ya bahari, karibu na Cape Canaveral, pana uwanja mkuu ambapo Wamarekani hurusha roketi zao kwenda angani. Hapo ndipo walipoondoka watu wa Apollo 11 tarehe 16 Julai 1969, ambao wawili wao walikanyaga mwezi siku nne baadaye. Roketi yao ilikuwa na urefu wa futi 363, karibu mara mbili ya lile jumba la bustanini tulilolitaja. Wala urefu wake haukuwa wa kulihadaa jicho. Kila futi ilikuwako, nayo ilijaa mafuta ya kuwaka.

Kwa sababu hiyo mpiga picha hawezi kusimama karibu. Siku ile ya Apollo waandishi na wapiga picha walikaa umbali wa kilometa 5 na zaidi, na hata hapo mshindo uliwatikisa vifua. Je, picha za karibu hupatikanaje? Mpiga picha hupelekwa uwanjani kabla ya siku ya safari, akaiweka kamera yake juu ya miguu mitatu, akaifunga isianguke, akaifunika kwa mfuko isiharibiwe na umande na chumvi ya bahari. Ndani yake huweka kifaa kisikiacho sauti. Kisha huondoka. Usiku wote kamera husimama peke yake. Roketi iwashwapo, mshindo wake ndio uiamshao kamera, nayo hupiga picha mfululizo, huku mwenyewe akiwa mbali, akitazama moto mdogo upandao juu ya miti.

Hapo swali letu larudi kwa nguvu mpya. Picha ile ya karibu, ionyeshayo moto na moshi na kila msumari wa mnara, ilipigwa wakati ambapo pale karibu hapakuwa na jicho la mtu ye yote. Mwenye picha hakuyaona yaliyomo katika picha yake. Basi ni nani aliyeona? Ni nani shahidi?

Wako wasemao ya kuwa kamera ndiyo shahidi aliye bora kuliko mtu. Husema: kamera haina upendeleo, haisinzii, haiogopi, haipokei rushwa. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, wala hatuyadharau. Lakini sikilizeni habari ya mwezi Mei 2018. Bwana Bill Ingalls, mpiga picha wa shirika la anga la Marekani liitwalo NASA, aliweka kamera zake kwa ajili ya kurushwa kwa roketi huko California. Zile zilizokuwa karibu zilisalimika. Iliyoharibika ni moja aliyoiweka mbali zaidi, maana roketi ilipoondoka nyasi zilishika moto, na moto ukaenea hata ukaifikia, ikayeyuka. Alipoirudia akakuta picha zimesalia ndani yake. Na mojawapo yaonyesha moto wenyewe ukiikaribia. Kamera ile iliuona moto, ikauandika moto, wala haikumwita mtu, wala haikurudi nyuma hata hatua moja. Huyo ndiye shahidi asiye na upendeleo. Hana upendeleo kwa kuwa hana upendo.

Sasa twafika katika jambo ambalo kwa ajili yake tumeandika haya yote, nalo ni jambo la huzuni.

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga kiitwacho Challenger kilirushwa kutoka uwanja ule wa Florida, kikiwa na watu saba, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule, Bibi Christa McAuliffe. Usiku uliotangulia ulikuwa wa baridi kali, hata barafu ikaning'inia katika mnara. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walikuwa wameonya jioni ile ya kwamba pete za mpira zizibazo maungio huenda zisifanye kazi yake katika baridi ya namna hiyo. Wakubwa hawakulikubali onyo lao. Chombo kikaruka, na baada ya sekunde 73 kikavunjika mbele ya macho ya watu, na wote saba wakafa.

Tume iliyoongozwa na Bwana William Rogers ilipochunguza, ilizitazama picha za kamera zilizokuwa karibu na uwanja. Nazo zilionyesha ya kuwa chini ya sekunde moja baada ya roketi kuwashwa moshi mweusi ulikuwa umetoka katika ungio la roketi ya kuume, mahali pale pale palipohofiwa na wahandisi. Kamera mbili ambazo zingeonyesha mahali penyewe hasa hazikufanya kazi siku ile; lakini nyingine zilitosha. Basi kamera iliona. Maelfu ya watu waliokuwa wakitazama na kushangilia hawakuona. Na picha ikawa shahidi mwaminifu, lakini shahidi aliyekuja kaburini.

Mtu atasema: Kumbe, kama wangeiona picha kwa wakati, wangeokoka? Laiti ingekuwa hivyo! Miaka kumi na saba baadaye jibu la swali hilo lilikuja, nalo lilikuwa chungu. Chombo kingine, jina lake Columbia, kiliondoka tarehe 16 Januari 2003 na watu saba. Sekunde 80 hivi baada ya kuondoka, kipande cha povu gumu lililofunika tangi kubwa la mafuta kilibanduka kikapiga bawa la kushoto. Kamera ziliona. Tena safari hii watu nao waliona, maana kesho yake wale waliowekwa kuzikagua picha walilitambua pigo hilo. Picha zile hazikuwa wazi kiasi cha kuonyesha ni madhara gani yaliyotokea. Kwa hiyo wahandisi kadha wa kadha wakaomba zitafutwe picha nyingine za chombo kikiwa huko juu, ili bawa litazamwe. Maombi yao hayakutimizwa. Waliokuwa wakuu wa kazi waliona ya kuwa povu limekwisha kubanduka mara nyingi katika safari nyingine, na vyombo vilirudi salama, nao wakalizoea. Tarehe 1 Februari 2003, Columbia kiliporudi, moto uliingia kwa tundu la bawa, kikavunjika juu ya Texas, wala hakuna aliyepona.

Hatuyaandiki haya ili kuwashitaki watu wa mbali. Wao wenyewe waliungama. Tume ya uchunguzi iliandika mambo hayo waziwazi mwaka ule ule. Hata walipotuma tena chombo tarehe 26 Julai 2005 waliongeza kamera nyingi, wakaamuru kirushwe mchana ili kionekane vema. Twayaandika kwa kuwa yanatuonyesha ugonjwa wa macho ambao kamera haiwezi kuuponya. Katika habari ya kwanza waliambiwa wasisadiki. Katika habari ya pili waliona wasiogope. Kulizoea jambo la hatari kwa sababu jana halikutuua: hii ndiyo namna ya upofu impatayo mtu aliye na macho mazima.

Nabii Ezekieli alipewa neno la namna hii. Bwana alimwambia habari za mlinzi aliyewekwa juu ya ukuta. Mlinzi huyo akiuona upanga unakuja, asipige tarumbeta, na watu wakafa, damu yao itatakwa mkononi mwake. Angalieni vema: mlinzi huyo hakushitakiwa kwa sababu ya kutoona. Macho yake yalikuwa mazuri. Alishitakiwa kwa sababu aliona akanyamaza. Mbele za Mungu kuona si mali ya mtu, ajiwekee kama awekavyo sarafu sandukuni. Kuona ni deni. Aliyeona amekuwa na deni kwa yule asiyeona.

Na hapa twaweza kulijibu swali letu la kwanza. Aliyepiga picha amepata picha. Ameona ikiwa picha ile imemfunga, ikamtia deni, akalilipa. Na kwa jibu hilo wanahukumiwa wapiga picha wote, wa bustanini na wa uwanja wa roketi, na sisi pamoja nao.

Liko jambo lingine la siku ile ya mwaka 1986 ambalo halifai kupitwa. Miongoni mwa waliotazama walikuwamo wazazi wa yule mwalimu. Walitazama juu wakifurahi, kisha wakatazama wasielewe, kisha wakaelewa. Kamera ziliwageukia, na nyuso zao zikaenda dunia nzima. Je, ilikuwa haki? Tumelifikiri sana, wala hatuwezi kusema neno moja jepesi. Picha zile ziliwafanya watu wengi walie pamoja na waliao, kama tulivyoagizwa na Mtume Paulo. Lakini mzazi alikuwa hajajua bado ya kuwa amefiwa, na mgeni alikuwa amekwisha kumpiga picha. Twadhani yampasa mwenye kamera ajiulize saa ile: je, ningekuwa karibu ya kumshika mkono, ningeiacha kamera nikamshika? Ambaye moyo wake wasema ndiyo, huyo labda aweza kupiga picha bila dhambi. Ambaye moyo wake wasema hapana, huyo ameanza kufanana na mashine yake.

Na sisi? Makanisani mwetu kamera si kitu kigeni tena. Simu ya mkononi imemfanya kila mtu kuwa mpiga picha. Mtoto aletwapo penye maji ya ubatizo, mikono mingi huinuka, na katika kila mkono simu. Waliosimama kuwa wasimamizi wa mtoto hutazama kioo kidogo, wala hawamtazami mtoto. Petro naye alikuwa hivi juu ya mlima. Alipomwona Bwana aking'aa pamoja na Musa na Eliya, mara akataka kujenga vibanda vitatu, ili utukufu ukae mahali pamoja asiukose tena. Bwana hakumkemea kwa hasira. Lakini wingu likaja, na sauti ikawaagiza wamsikie Yeye. Hawakupewa kitu cha kuchukua mkononi. Walishuka mlimani na masikio yao tu. Na chini ya mlima alikuwako baba mwenye mtoto mgonjwa akiwangoja.

Hatusemi ya kwamba picha ya ubatizo ni mbaya. Mama aiweke, amwonyeshe mtoto akikua, ampe sababu ya kumshukuru Mungu. Twasema hivi: aliyeahidi mbele ya kanisa kumlea mtoto katika imani, ahadi yake haiwekwi ndani ya simu. Itaonekana mwaka wa kumi, mtoto atakapoulizwa kama aijua Sala ya Bwana, na nani aliyemfundisha.

Tena tuna la kuungama. Siku moja ya kipaimara katika usharika wetu palihitajika picha ya kupelekwa kwa ndugu wa mbali waliotusaidia kujenga. Tuliwapanga watoto mbele ya mlango. Wale waliovaa viatu tuliwaweka safu ya mbele. Wale wasio na viatu tuliwaweka nyuma, miguu yao isionekane. Hapana aliyesema neno. Tulidhani twalinda heshima ya usharika. Picha ilikuwa nzuri sana. Lakini jioni mzee mmoja wa kanisa alitujia kwa adabu akauliza: "Mchungaji, samahani, wale watoto wa nyuma, wao nao si wamebarikiwa leo?" Hatukuwa na jibu. Lile tuliloliacha nje lingeyapindua yale tuliyoyaonyesha. Na kipimo kile tulichowapa wapiga picha wa Florida kimetupima sisi kwanza. Sisi nasi tulikuwa na njia zetu zilizofichwa chini ya bustani. Wale ndugu wa mbali wangaliiona ile miguu mitupu, wangalijua tulivyo, na kutuombea kama tulivyo. Na lililo zaidi, watoto wale walijifunza kwetu siku ya baraka yao ya kuwa kanisa nalo lina mbele na nyuma.

Kwa hiyo twawasihi ninyi walimu wa Injili, mnaotembea vijijini na kuandika habari za sharika kwa wakubwa wenu. Barua yenu ni picha. Mkiandika idadi ya waliobatizwa, andikeni na idadi ya walioacha kuja. Mkiona ufa katika nyumba ya mtu, au katika nyumba ya Mungu, au katika maisha ya mchungaji wenu, msiuzoee kwa sababu jana paa halikuanguka. Mwendeeni mwenye ufa kwa upole, kwanza ninyi na yeye peke yenu, kama Bwana alivyotuagiza. Na mtu mdogo akija kwenu na kusema, Nimeona kitu, naomba mtazame tena, msimwambie ya kuwa kazi ni nyingi. Watu saba walikufa baada ya ombi la namna hiyo kutotimizwa.

Nao vijana wetu walio na kipawa cha kupiga picha, na wengine wao waipata riziki kwa kazi hiyo, tusiwakataze. Mungu aliyefanya jicho ndiye aliyewapa akili ya kuitengeneza kamera. Wapige picha za arusi na za furaha, waende mbali wakipata nafasi, wayaone majumba ya michezo na roketi zipaazo, watuletee habari. Lakini wakumbuke kuishusha kamera mara kwa mara, na kutazama kwa macho waliyozaliwa nayo, na kuuliza: katika haya ninayoyaona, ni nani aliye na haja nami?

Bwana Yesu alipokutana na yule mtu aliyezaliwa kipofu, wanafunzi walimwona mtu huyo pia, wote walimwona. Wao waliona swali la kujadili, ni nani aliyetenda dhambi. Yeye aliona mtu, akainama, akafanya tope. Yeye na atuguse macho yetu, tuliyo nayo na tunayojidhania kuwa mazima, tupate kuona na kutenda. Amin.